Msafisha Dohani Kwenye Arusi

Katika mji ule wa Ujerumani, msafisha dohani, fundi wa kukwangua masizi ya mabomba ya moshi mapaani, hapiti barabarani akaachwa hivi hivi. Sharti aguswe. Huyu atasugua vifungo vya dhahabu vya koti lake jeusi, yule atajipaka masizi yake shavuni, wote wanatafuta bahati. Na Zaman, aliyetoka Afghanistan akaomba hifadhi akanyimwa, aliguswa kuliko wenzake wote. Miaka yote ya mafunzo ya kazi hiyo aligawia mji mzima bahati, mwenyewe akilala na hofu ya kurudishwa kwao.

Ijumaa hiyo alikuwa amekwisha kufaulu mtihani. Sheria ilisema wazi: ukihitimu ufundi na ukapata kazi, hata kama hifadhi ulinyimwa, unapewa kibali cha ukaazi. Kazi anayo, kwa fundi wake Bi Gerlinde. Lakini ruhusa yake ya muda ilikuwa inakwisha siku hiyo hiyo. Basi akashuka paani na masizi yake, mbio mpaka ofisi ya wageni, ndani ya jumba la mji, ambamo ndoa nazo hufungwa.

"Kila kitu tayari," mama wa dirishani akamwambia. "Imebaki sahihi ya Bwana Ullrich tu, naye yuko likizo. Njoo akirudi."

"Akirudi, mama, mimi nitakuwa mtu wa kufukuzwa."

"Pole, mwanangu. Hebu kwanza, kabla hujaenda..." Akapenyeza mkono dirishani, akamsugua kifungo.

Zaman akatoka nje kichwa chini. Kumbe ngazini kumejaa watu na maua, arusi ndiyo kwanza imefungwa.

"Msafisha dohani! Frauke, bahati yako hiyo!"

Bibi arusi akaja mbio, gauni kalishika mkononi, akamletea shavu apate kulibusu. Zaman akarudi nyuma. Kwao mtu habusu mke wa mtu, tena mumewe akitazama. Akamtazama huyo mume: Bwana Ullrich mwenyewe!

"Mbusu, rafiki yangu, usiogope!" Ullrich akambembeleza. Kwa masizi yale hakumtambua. "La sivyo mama mkwe hatanipa raha maisha yangu yote."

"Bwana Ullrich, ni mimi, Zaman. Kibali changu kinangoja sahihi yako, na ruhusa yangu inakwisha leo."

Kicheko kikamkauka bwana arusi. "Leo niko likizo. Utaratibu hauruhusu."

"Basi na mimi nimeshatoka kazini," Zaman akasema. "Bahati mpaka Jumatatu."

Bibi arusi akamgeukia mumewe. "Konrad! Siku ya arusi yetu unamfukuza msafisha dohani?"

"Simfukuzi, mpenzi, ni—"

"Panda juu ukatie sahihi. Mimi garini siingii."

Bwana arusi akapanda, ua lake kifuani. Aliposhuka na kibali, Zaman alinyoosha mkono wote, akamgusa bibi arusi shavuni kwa ncha ya kidole. Likabaki doa jeusi. Watu wakapiga makofi, mama mkwe akatokwa na machozi.

Jioni ile Bi Gerlinde alikisoma kibali akiwa amevimba kwa fahari. "Si nilikwambia? Soma kwa bidii, nchi hii itakuthamini. Enhe, wamekisifia cheti chako?"

"Hakuna aliyekiulizia, fundi," Zaman akajibu. "Wametaka masizi."