Nitatrai ya Mwalimu Musyimi

Mwalimu Musyimi alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja hapa Mbumbuni, na neno alilolipenda kuliko yote ni try. Aliwaeleza wanafunzi kwamba lilitoka kwa Wafaransa wa kale, ambao kwao lilikuwa kuchambua, kutenga kizuri na kibaya, kama mama anavyochagua mawe kwenye ndengu. Waingereza wakalipeleka mahakamani, mtu achunguzwe kama ana hatia. Baadaye likatoka kizimbani likawa kujaribu tu. Somo alilimalizia kwa adabu: muungwana hasemi hapana, husema I will try. Wanafunzi wakakariri.

Yeye mwenyewe alikariri zaidi. Akialikwa harusi Kambu, alitrai. Mchungaji akiomba watu wa kupaka kanisa rangi, alitrai. Tangu ajiunge na mwethya, majirani kumi na wanne wanaolimiana kwa zamu, alikuwa ametrai mara sita, na mara zote sita jembe lake lilibaki limeegemea ukuta. Hakujiona mwongo hata kidogo. Alijiona mtu mwenye Kiingereza kizuri.

Sasa zamu ilikuwa yake. Mvua ya Novemba iliyopita ilibeba udongo wa nusu shamba hadi mtoni, na bila matuta mapya, hii inayokuja ingemaliza nusu iliyobaki. Akaandika kwenye grupu ya WhatsApp: Jumamosi, kwangu, saa moja asubuhi. Majibu kumi na matatu yakaingia upesi, yote ya aina moja: I will try, Mwalimu. Alifurahi sana. Jibu moja lililokosa koma akalisahihisha.

Jumamosi akapika isyo mwenyewe, mahindi na maharagwe, sufuria ya kushibisha watu kumi na wanne. Saa moja hakuja mtu. Saa tatu alikuwa bado anaangalia njia. Saa nne akasikia majembe ng'ambo ya bonde, shambani kwa Nthiwa, mwenzao wa mwethya, na hapo ndipo akaelewa. Aibu ikampanda hadi masikioni. Katika Mbumbuni nzima, kama kuna mtu aliyepaswa kujua maana ya jibu lile, ni yeye aliyelifundisha.

Akapakia sufuria kwenye wilbaro, akaweka jembe juu, akavuka bonde. Walimpokea kwa adabu nyingi, na adabu hiyo ikamuuma kuliko matusi. Alichimba hadi adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge. Wakala isyo yake, wakaisifu. Kisha Kanyiva, mwenyekiti wa kikundi, ambaye zamani aliketi dawati la mbele darasani kwake, akafungua daftari la zamu.

"Jumanne tuko kwa Mutindi, Mwalimu. Utakuja?"

Ulimi wake ulishaanza safari yake ya siku zote. Akaurudisha.

"Nitakuja."

Kanyiva akaandika. Mwalimu akauliza kama Jumamosi ijayo wangeweza kufika kwake, maana mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima na udongo wake haungesubiri. Hakuwahi kumwomba mtu kitu kwa unyonge namna ile.

Kanyiva akafunga daftari, akamtazama kwa heshima yote aliyomfundisha.

"Tutatrai, Mwalimu."