Majina Mapya Mnarani

Lambert aliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, akavaa koti la mlinzi juu ya sweta mbili, akauzunguka mnara kama kawaida. Ni mnara wa mawe kwenye uwanda wa nyasi kavu kusini mwa mtaa wa La Rochelle, uliojengwa miaka mia iliyopita kuwakumbuka wachimbaji kumi na mmoja waliofia mgodini. Asubuhi hiyo walikuwa kumi na wawili. Jina jipya lilichongwa vizuri, na unga wa jiwe ulikuwa bado chini. Kitabu cha zamu hakina safu ya majina yanayoongezeka, kwa hiyo aliliandika kwenye safu ya wageni waliofika. Msimamizi alipitia, akasema sharp, yaani sawa, akatia saini.

Jina lilikuwa la mmoja wa wanaume tisa walioshuka kutafuta dhahabu katika shimo kuukuu, hatua mia mbili kutoka hapo. Wiki iliyotangulia mdomo wa shimo ulizibwa kwa zege, na waliouziba walisema ndani hamna mtu. Baada ya jina la kwanza likaja la pili, kisha la tatu.

Léocadie, msusi wa La Rochelle, alianza kwenda mnarani kila asubuhi kabla ya kufungua saluni. Mumewe, Elisée, alikuwa miongoni mwa wale tisa. Aliyasoma majina yote, na asipoliona la mumewe alimshukuru Mungu, kisha akaenda polisi kuwaambia Elisée yu hai, wavunje zege. Siku ya jina la tano polisi mmoja alikwenda naye. Aliukagua mnara, hakuona cha kumshangaza, akaomba kitabu.

“Eish, mama. Hawa watano wamefika hapa salama, imeandikwa. Huko shimoni wangekuwaje tena?”

Lambert alijaribu kueleza, lakini polisi alikuwa ameshapiga picha ukurasa. Lambert aliona aibu.

Ijumaa alikuta jina la nane, akasimama mbele yake kuliziba kwa mgongo.

“Sogea kidogo, papa Lambert,” Léocadie alisema.

Akasogea. Léocadie aliweka kiganja juu ya jina la Elisée, akalia kwa sauti, na Lambert akalia naye. Kisha Léocadie alijifuta uso kwa kitenge, akampigia simu Orpha, mke wa Exaucé, wa mwisho kati ya wale tisa.

“Bwana yako haiko pa jiwe. Exaucé iko muzima. Kimbia polisi sasa hivi.”

Orpha alikimbia. Kituoni walimpokea kwa heshima, wakampa kiti, wakamwambia shimoni hamna mtu.