Njahi Zilizoliwa Matangani

Cucu Waruguru alizikwa Agosti, hapa Witeithie, na siku hiyo mimi mjukuu wake nilisimama mbele ya watu nikaghani shairi nililomtungia. Nilimwita mkono uliolisha vijiji viwili. Watu walipiga makofi. Nyuma ya nyumba, sufuria ilikuwa ikichemsha mbegu zake.

Mimi ndiye niliyeamuru zipikwe. Asubuhi hiyo Carolyne, kiongozi wa akina mama wa jikoni, alikuja na kibuyu cha maharagwe meusi alichokitoa stoo.

"Kang'ethe, hizi njahi ziko na majivu. Ya kula hatuwekangi majivu. Hii ni mbegu."

Wageni waliotoka Kamenu walikuwa wanasikia. Chakula kilikuwa kimepungua, na mimi sikutaka kufundishwa mambo ya nyumba yetu mbele yao.

"Si tuko na maji? Osheni, mpike. Vibuyu vyote. Hakuna mtu atasema kwa Waruguru watu walilala njaa."

"Ni wewe umesema," akajibu. Wakaziosha mara tatu, maji yakawa ya kijivu. Nikala sahani nzima. Zilikuwa tamu.

Ilipopita wiki moja, nikaanza kusikia ungo. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtu alipepeta nyuma ya nyumba: shaa, shaa, kisha kimya kifupi cha mkono unaotoa kokoto. Nilitoka mbio. Hapakuwa na mtu, ila ukuta wa ghorofa ya jirani na kashamba ketu. Kesho yake, saa ileile, shaa, shaa. Ungo wa cucu ulikuwa umetundikwa ukutani. Nikaushika. Ulikuwa na joto.

Septemba watu wakaanza kuja na mikebe. Kila mwaka kabla ya mvua walikuja hivyo: cucu humpa mtu kiganja cha mbegu, naye akivuna hurudisha viganja viwili. Njahi zake zilivumilia. Kuna mwaka mvua ilikatika wiki ya tatu, mahindi ya mbegu za dukani yakakauka yote, lakini njahi za cucu zilikunywa umande zikazaa. Kwa sababu yake, barabara yetu haikungoja malori ya msaada wala meli ya mahindi inayotangazwa redioni kila tukiumia. Tulikuwa na akiba yetu wenyewe, ndani ya vibuyu vitano. Na mwaka jana walivuna kidogo, wakala zote, wakijua kwa Waruguru haziwezi kukosa.

"Dumuzi walizimaliza," nikawaambia. Musembi, fundi wa mawe, alichungulia mkebe wake mtupu kama kisima.

"Dumuzi kwa majivu ya Waruguru? Hao walikuwa na meno ya chuma," akasema, akaenda zake.

Oktoba mawingu yakajikusanya. Ungo sasa ulipepeta kutwa. Nikaenda kwa Carolyne kumuuliza nani mwingine alikuwa na mbegu ile. Hakunicheka. Akanituma Mwiki, kwa Mbithe, mzee aliyechuma kahawa pamoja na cucu walipokuwa wasichana.

Mbithe aliishi ghorofa ya tatu, mbegu zake ndani ya debe chini ya kitanda. Akalifungua nikaona: nyeusi, kila moja na mstari wake mweupe.

"Zile za Waruguru zilienda wapi?" akauliza.

"Dumuzi, cucu."

Akalifunika debe. "Mjukuu wangu, Waruguru huja hapa kila mchana. Hukaa hapo ulipokaa. Haongei, anapepeta tu, na ungo hauna kitu ndani. Nikuulize tena?"

Nikahisi kiti kimenichoma. "Tulizila. Nilisema zipikwe."

"Wenye mikebe wanajua?"

"Hawajui."

"Waambie. Halafu mje wote, kabla mvua haijashika."

Heri angenichapa. Jumapili baada ya kanisa niliwaita shambani, watu tisa, nikasema yote, bila vina. Kisha Musembi akacheka kwa uchungu.

"Kumbe ni zile za matangani! Mimi niliongezwa mara mbili. Nikasema, huyu kijana anajua kulisha watu!"

"Na mimi nilibeba zingine za watoto," akasema mwanamke mmoja, polepole.

Hapo ndipo ungo ukapepeta. Shaa, shaa. Niliona vichwa vyote vikigeuka upande mmoja, nikajua sasa si masikio yangu peke yake. Musembi akavua kofia. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Siku iliyofuata tulijaa chumbani kwa Mbithe. Alipita na debe akimpa kila mtu kiganja kimoja, akimtaja kwa jina, na kila mmoja akijibu, "Nitarudisha viwili." Alipofika kwangu nilinyoosha mikono yote miwili. Akaipita.

"Na mimi, cucu?"

"Wewe utaomba kwa hawa, wakivuna. Wakikuamini."

Maneno makali yalinijaa mdomoni, nikayameza. Nje matone ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati. Nikashuka ngazi mbele ya wote, mikono mitupu, nikamuuliza Musembi jembe lake liko wapi, nimlimie.