Kuku Chini ya Sakafu ya Kanisa

Naandika haya kwa unyenyekevu mkubwa, ambao nimeagizwa na mkuu wa shule kuwa nao hadi Pasaka.

Jumanne ile Shangazi Tina, mpishi wa shule yetu ya bweni ya madhehebu ya Wamennonite, hapa jimboni Manitoba, alikuwa anapasuliwa moyo hospitalini mjini Winnipeg. Tulipangiwa zamu: kila mwanafunzi aingie kanisani peke yake kumwombea robo saa, akitoka huyu anaingia yule. Zamu ya saa nne asubuhi ilikuwa ya Penner, mwenzangu wa chumbani, aliyejigamba kwamba akisali hata ng'ombe apite hasikii.

Kauli kama hiyo haiachwi bila kupimwa. Nikachukua jikoni kile kijikuku cha plastiki cha kupimia muda, kinachomwita Shangazi Tina mkate ukiiva, nikakitega kilie saa nne na dakika tano, nikakipenyeza kwenye tundu la kupitishia hewa ya joto sakafuni kanisani. Kikateleza mbali, mkono haukifikii. Na hakinyamazi mpaka kifinywe kichwa.

Saa nne kasorobo, mkuu wetu, Mwalimu Loewen, akanishika bega.

"Wiebe, saa nne unaingia wewe. Hospitali wamewahisha, wanaanza saa hiyo hiyo."

"Kwa nini mimi, mwalimu?"

"Shangazi Tina ndiye aliyetaka. Alisema, kisu kikishuka, zamu mpeni yule mtukutu."

Mwaka wangu wa kwanza, nilipolilia nyumbani, mama huyo alinikalisha juu ya gunia la unga akanilisha skonzi mpaka nikasahau kulia. Kwa hiyo nilipopiga magoti nilikusudia kusali kweli. Dakika ya kwanza nilisali. Ya pili nikawaza mechi ya magongo ya Jumamosi. Ya tatu kidole gumba kikatoka kwenye tundu la soksi, kikadai kutazamwa. Nikajikaripia, na ikawa dakika nyingine ya kujiwaza mimi.

Kisha sakafu ikatetea. Ko-ko-ko-kooo!

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka huku Shangazi Tina amelazwa kifua wazi. Nikaziba masikio, nikamsikia kuku ndani ya kichwa. Nikasali kwa sauti, kuku akaitikia. Nusura ninyanyuke nikimbie.

Ndipo nikakumbuka Shangazi Tina anavyofanya akisikia mlio ule: hutupa chochote alichoshika, akakimbilia tanuri. Hajawahi kusema subiri.

"Bwana," nikasema, "umesikia? Basi kimbia hivyo hivyo."

Ko-ko-kooo. Kimbia, Bwana. Kila kuku alipotetea nikaomba tena, na sikuwahi kusali mfululizo namna ile.

Robo saa ikaisha, Penner akaingia kwa zamu yake iliyosogezwa.

"Wewe Wiebe! Nini hicho?"

"Kuku."

"Nani kamweka?"

"Mimi. Alikuwa wako."

"Mjinga wewe." Akapiga magoti kando yangu. "Sogea. Tunasemaje?"

"Akilia, unamwambia Bwana akimbie."

"Hiyo ni sala?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Ko-ko-kooo. "Kimbia, Bwana," akasema Penner, mabega yakimtetemeka kwa kicheko, na hakuondoka.

Wakati wa chakula cha jioni Mwalimu Loewen alisimama na karatasi. Shangazi Tina ameamka, na tayari ameisema vibaya supu ya hospitali. Bwalo zima likapiga meza. Mimi nililia ndani ya borshi yangu, supu yetu ya kabichi, ambayo siku hiyo, ikiwa imepikwa na mwalimu wa hesabu, ilihitaji chumvi.