Vibaba Vitatu vya Kusubiri

Usiku wa jana, kichwa kilipogusa mto tu, niliota nimembeba mjukuu wangu Mwasiti mgongoni, tunakwenda shule, na shule yenyewe iko nyuma yetu inatufuata.

Nieleze kwanza, maana ndoto haina adabu ya kueleza. Mwasiti ana miaka saba. Hospitali hali yake wanaiita mtindio wa ubongo. Miguu yake humfikisha ukutani na kumrudisha kitandani, basi. Kwingine kote hufika kwa mgongo wangu. Maneno yake yote yapo, ila yana safari ndefu kutoka moyoni mpaka mdomoni. Na asubuhi ya leo, saa mbili, tulikuwa tunatakiwa kwa Mwalimu Shemhilu, hapa hapa Muheza, amsikilize mtoto akijibu mwenyewe, ndipo aamue kama ataanza darasa la kwanza na wenzake au atakaa nyumbani mwaka mwingine. Mwaka jana alikaa. Alikuwa anahesabu sare zinazopita dirishani.

Basi. Nasikia mabati yanalia nyuma yangu. Nageuka. Shule nzima inakuja barabarani, madarasa saba, mlingoti wa bendera, tangi la maji, inachechemea kwa sababu upande wa vyoo ni mzito.

"Shikamoo, Bibi," akasema Shule.

"Marahaba. Wapi hiyo?"

"Anakokwenda mtoto. Tulipelekwa semina. Tukaambiwa siyo mtoto anayeifuata shule, ni shule inayomfuata mtoto. Nimeanza leo."

"Na hao waliomo ndani?"

"Wanasoma. Darasa la nne wametapika kidogo, lakini wanaendelea."

Nikasimama, naye akasimama. Nikakata kushoto kwenye majani, akakata kushoto. Nikaona huu usumbufu wa nini, tukaingia.

Mlangoni kuna ngazi tatu. Ya juu ikamtazama Mwasiti, ikawaambia wenzake, "Laleni." Zikalala zote, nikapita juu yake nikiomba samahani.

"Usiombe samahani," ikasema ya katikati. "Tumesimama tangu mwaka sabini na nne na hakuna aliyetuuliza kama tunaweza kulala."

Darasani mwalimu ni Ubao. Anajiandika mwenyewe bila chaki, na akikosea anajikuna. Tulimkuta anagawa vifaa. Alianza kwa kugawa sawa kwa sawa: kila mtoto miwani moja, magongo mawili, kifaa cha sikio kimoja. Wenye macho mazima wakawa hawaoni tena, wenye miguu mizima wakajikwaa kwenye magongo wakaanguka juu ya wenye miwani. Ubao akajisoma upya, akasema ameruka mstari. Kila mmoja apewe anachohitaji yeye.

Mtoto mmoja akasema anahitaji kukaa karibu na dirisha tu. Wakang'oa dirisha wakampa. Akalitia kwapani, akaridhika. Ukuta nao ukaulizwa unahitaji nini. Ukasema kupumzika. Ukapewa ruhusa mpaka saa nne.

Kisha Ubao akatugeukia.

"Mwasiti, karibu. Wewe unahitaji nini?"

"Huyu hana makuu," nikasema. "Mto wa kuegemea unamtosha."

Wakamletea mto. Mwasiti akanitazama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, akaufunga.

"Hapa mtoto hupimwa kwa kitendawili," akasema Ubao. "Na mwenye safari ndefu ya maneno anapewa muda wa ziada. Kibaba, njoo."

Kikaja kibaba cha bati kinatembea, kinavuta gunia. Humo ndani muda umejaa mpaka shingoni. Unafanana na sembe, ila ukiushika unakuta mkono umezeeka. Kikapima vibaba vitatu vya kila kitendawili, kikavipanga mezani.

"Tia cha nne," nikasema, maana sokoni ndivyo ninavyosema.

"Vitatu vinatosha," kikanijibu, "kama hakuna atakayevimwaga."

Sasa kwetu kitendawili kina sheria yake, nanyi mnaijua. Ukishindwa kujibu, unampa mji aliyekutega. Anauchukua, anatamba nao kidogo, ndipo anakutegulia. Mimi nimegawa miji tangu utotoni na sijawahi kusikia mji ukilalamika.

"Kitendawili," akasema Ubao.

"Tega," darasa likaitika.

"Mchana husimama pembeni, usiku hulala nami."

Mkeka. Nililijua hata hajamaliza. Mwasiti akaanza kuvuta pumzi. Kibaba kikaanza kumwaga muda, taratibu. Darasa kimya. Arobaini wanamtazama mtoto wangu, mdomo wake unahangaika, kichwa kinainama upande. Mimi hali hii siiwezi. Hata njiani mtu akimuuliza Mwasiti hujambo, mimi ndiye ninayejibu hajambo, tukapita.

"Analijua, anaona haya tu," nikasema. "Chukua Pangani."

Hapo hapo tukawa Pangani, madawati yako kwenye mchanga, Ubao anatamba na kujisifu. Kisha akaukunja mji wote kama shuka, akautia nyuma yake. Tukarudi darasani. Ila watu wa Pangani walikuwa wamebaki nje ya mji wao, wakaingia na magodoro na kuku, wakaketi nyuma. Mwanamke mmoja alikuwa na nusu ya nazi mkononi, amekatizwa akikuna.

"Nani katutoa?" akauliza.

"Bibi yule."

"Bibi, ulituuliza?"

"Sikuwauliza, mama. Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Mtoto alikuomba?"

Nikajifanya narekebisha kanga.

Ubao akatega cha pili. Nikasema moyoni, safari hii nasubiri. Nikasubiri mpaka nikafika nusu ya kibaba, nikatoa Lushoto. Kukawa na baridi, watoto wakagawiwa masweta, ukungu ukaingia ndani ya madaftari, kisha Lushoto ikakunjwa. Handeni ilinitoka kwa chafya tu, darasa lilipokuwa limenyamaza sana. Korogwe sikumbuki hata nilivyoitoa. Nyuma ya darasa kulikuwa kumejaa, watu wanapeana zamu ya kukaa, mbuzi wa Handeni wanakula ratiba.

Ndipo dawati la Mwasiti likakohoa.

"Bibi Kidawa," akasema Dawati, "nifunue. Nimejaa, sifungiki."

Nikalifunua. Ndani kulikuwa na maneno, makavu, yamepangwa kama dagaa.

"Ya nani haya?"

"Ya mjukuu wako. Yalianza safari, yakafika njia panda, yakakuta umeshajibu wewe. Yakakosa pa kwenda, yakaletwa kwangu."

Nikachukua moja. Lilikuwa sijambo. Chini yake sijambo, chini yake sijambo, zote hazijatumika. Nikachimba zaidi. Kulikuwa na moja la mwezi wa tatu: sipendi uji wa karanga. Nikakaa chini. Kila asubuhi nasaga karanga kwa ajili ya mtoto huyu, na nimewaambia watu wote wa mtaa kwamba Mwasiti na uji wa karanga ni chanda na pete.

"Hili nalo," akasema Dawati, "ni la wiki iliyopita. Limeniuma zaidi hili, kwa sababu lina ncha."

Lilikuwa limeandikwa: nataka kwenda shule, niulizeni mimi.

Watu wa Pangani walikuwa wanasoma begani kwangu. Mwanamke wa nazi akasema, "Kumbe anaongea," akarudi kukaa.

"Kitendawili cha mwisho," akasema Ubao. "Na Bibi usikilize, maana imebaki Muheza peke yake. Ukiitoa, naikunja. Nyumba yako imo Muheza. Na shule hii nayo ni ya Muheza, kwa hiyo na dawati hili litakwenda. Mtoto hatakuwa na pa kukaa, siyo mwaka huu wala mwingine."

Shule akatetemeka, mabati yakagongana. "Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "nimetembea njia yote hii."

"Nitanyamaza," nikasema.

Hakuna aliyeniamini. Hata mbuzi waliacha kutafuna.

Kwenye kamba ya kuanikia madaftari yaliyolowa alikuwepo Kibanio cha nguo, cha mti, mzee, ana waya uliopata kutu. Akashuka, akaja akitembea kwa miguu yake miwili hadi mapajani kwangu.

"Kazi yangu ni kuzuia vitu visipeperuke," akasema. "Nimeshika mashuka kwenye upepo wa kusi. Mdomo wa bibi mmoja sijawahi, lakini tujaribu."

"Utaniumiza?"

"Ndiyo."

Nikamsogezea midomo. Akabana.

"Kitendawili," akasema Ubao.

"Tega."

"Hatembei, lakini kila niendako amefika."

Kiatu. Jamani, kiatu. Jibu limejaa mdomoni mwangu kama maji ya moto. Kibaba cha kwanza kinamwagika. Mwasiti anavuta pumzi, anaitoa. Anaivuta tena. Machozi yananitoka, nusu kwa Kibanio na nusu kwa mtoto. Kibaba cha kwanza kimekwisha na mbingu haijaanguka. Hili sikuwa nalijua. Cha pili kinaanza. Mtoto wa darasa la kwanza anapiga miayo. Mwanamke wa Pangani anamaliza kukuna nazi yake. Mkono wa Mwasiti unapanda, unatua mezani, unapanda. Cha pili kimekwisha. Namtazama usoni, na kwa mara ya kwanza naona kwamba hahangaiki. Anafanya kazi. Ni mimi niliyekuwa nahangaika miaka yote saba.

Kibaba cha tatu kimefika katikati ndipo likatoka la kwanza.

"Mimi," akasema Mwasiti.

Tukasubiri.

"Mgongoni... kwa... bibi."

Ubao akajitazama chini, pale kwenye kona anapoficha majibu. "Mimi hapa nimeandikiwa kiatu."

"Nani kakuandikia?" Sauti ilitoka sakafuni. Ni kiatu changu cha kushoto, raba nyeusi ya kwendea msibani. "Mimi sitembei? Miguu ya huyu bibi inakaa ndani yangu kama abiria. Kazi yote naifanya mimi. Jibu la kiatu ni la uongo, na naomba lifutwe."

Kiatu cha kulia akaunga mkono.

Ubao akajikuna pale pa siri mpaka pakawa peusi tii. Kisha akajiandika upya, kwa herufi kubwa, polepole, akifuata mwendo uleule wa mtoto: MWASITI, DARASA LA KWANZA. Watu wa miji minne wakapiga makofi, kisha wakauliza mabasi ya kurudi yanaondoka saa ngapi.

Lakini Mwasiti hakuwa amemaliza. Alishaonja. Akaupandisha mkono.

"Kite..."

Darasa likageuka. Nami nikageuka, Kibanio angali mdomoni.

"...nda...wili."

"Tega," tukasema wote, mimi kwa puani, hata Shule, hata ngazi kule nje zimelala. Na tukakaa kusubiri atatutega nini. Nilikuwa tayari kumpa Muheza na kuku wangu wote. Ila jogoo akawika, siyo wa Pangani, wa kwangu, nami nikaamka.

Ilikuwa saa moja na nusu. Tumechelewa. Nikavaa harakaharaka, nikatoka uani. Binti yangu Saumu alikuwa ameshamvalisha Mwasiti sare ya kuazima, amemkalisha kwenye kigoda. Akanitazama.

"Mama, umelalia nini? Midomo yako ina alama."

Nikaenda kwenye kioo kilichoning'inia mlangoni. Mdomo wa juu una mfuo mwekundu. Mdomo wa chini una mwingine, umenyooka sawa na wa juu.

Nyuma yangu Mwasiti alikuwa ananitazama, na mdomo wake umeanza ile safari.

"Anataka uji," akasema Saumu, akainuka kufuata bakuli.

Nikamshika mkono, nikamkalisha. "Mwache."

"Saa mbili hii, Mama. Mwalimu hatatungoja."

"Atatungoja. Kaa."

Tukakaa. Chai ikaota utando. Jirani akapita na ndoo, akatuamkia, akashangaa hakuna aliyemjibu. Mwasiti akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Kisha akaunyosha mkono, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, mpaka kidole kikafika kwenye midomo yangu.

"Bibi... bado... inauma?"