Baiti Mbili za Mwanzo

Kila asubuhi saa moja kamili, skrini katika ofisi ya ushirika wa wenye boti pale Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska, iliandika: *17 ipo*. Boti namba kumi na saba ilikuwa imepotea siku thelathini na sita kabla ya mimi kuitwa, ikitoka bandari ya Antsahampano, bara, na shehena ya saruji na nahodha wake, Mouigni Oumouri, peke yake ndani.

Neno hilo la Kiswahili nililichagua mimi, kwa heshima ya wazee wa bandari, kwa kuwa programu ile ni kazi ya mikono yangu. Mpwa wangu Koulsoum, mke wa Mouigni, hakulisoma “ipo”. Alilisoma “yupo”. Alikaa kwenye benchi la ofisi kila siku akiwa na dhahabu masikioni na wanja machoni, naye hakutaka kusikia habari ya eda.

Zoubeir, fundi wa mitambo wa ushirika, alinipigia simu Mahajanga, ninakoishi. “Mzee Chaïbou, njoo. Wewe ni mjomba wake. Sisi akituona tunafungua mdomo, anatuonyesha skrini.”

Nilifika siku ya tatu baada ya simu ile. Koulsoum alinipa mkono, akanibusu kiganja kama ilivyo adabu, akasogea ili nikae.

“Umekuja kuniulia mume, Mjomba?”

“Nimekuja kutazama.”

“Basi tazama. Zamani hata futari alichelewa. Siku hizi hachelewi.”

Saa moja ilipotimu, maandishi yakatokea. Zoubeir aligeuza uso dirishani. Aliniambia baadaye kwamba saa hiyo hakuthubutu tena kumtazama yule mwanamke. Mimi nami, niliyefundishwa na mapadri shuleni kudharau mizuka, nilihisi baridi mgongoni. Jahazi la mzuka ningelikana. Hii ilikuwa hesabu yangu mwenyewe.

“Ni wewe uliyesema siku ya arusi yangu kwamba mashine yako haijui uongo,” Koulsoum akasema.

Ni kweli, nilisema hivyo.

Sharti nieleze nilichokuwa nimefanya. Kila ujumbe wa redio hubeba anwani ya kifaa kilichoutuma, yenye baiti sita, na programu huilinganisha na anwani zote zilizo orodhani. Kompyuta ya Hell-Ville ilikuwa kuukuu. Kulinganisha baiti mojamoja kuliichelewesha, ujumbe ukarundikana na mwingine ukapotea. Ndipo nikaandika upya sehemu ile. Ilichota baiti nane kwa mkupuo mmoja, ikazilinganisha zote pamoja, kisha ikazisukuma nje mbili za ziada zisizo za anwani. Niliijaribu Mahajanga, ikaenda kasi mara nne. Niliituma Nosy Be pamoja na barua ya majivuno.

Nami nilikuwa na sababu ya kujiamini katika kulinganisha. Mwaka 1977, Wakomoro walipokuwa wakiondoka Mahajanga baada ya wenzao wengi kuuawa, nilipewa orodha mbili za watu ili nijue nani kasafiri na nani hajulikani aliko. Karani mmoja alinihimiza nitazame jina la baba tu, kazi iende upesi. Nilikataa. Nikamwambia kwamba kwetu ndugu watano hushiriki jina la baba, na kwamba atakayeliacha jina la mwanzo atamfufua maiti au atamzika mzima. Nilisoma kila jina tangu herufi ya kwanza. Maneno hayo nimeyasimulia kwa fahari miaka thelathini.

Nilimwambia Zoubeir aipige chapa anwani nzima ya kifaa kilichotuma ujumbe wa saa moja. Baiti zake nne za mwisho zilikuwa zile zile za boti yetu, zikiishia na 17. Lakini vifaa vya Nosy Be nilivipa mwanzo wa 02-01, na hiki kilianza kwa 02-02. Huo ndio mwanzo niliovipa vifaa vya Mahajanga.

“Hiki kimetoka wapi?”

Zoubeir aliwaza. “Kuna hoteli hapa kisiwani, kule Ambatoloaka, ilinunua kifaa cha boti iliyovunjwa huko kwenu, ile ya kupeleka wageni Antsanitia. Jenereta yao huwashwa saa moja.”

Hapo nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kompyuta yangu huzipanga baiti kuanzia mkiani. Ile ya Hell-Ville huzipanga kuanzia kichwani. Msukumo uleule ulioondoa ziada kwangu, hapa ulikata baiti mbili za mwanzo. Na zile mbili za ziada zilizobaki zilikuwa sawa katika kila ujumbe, hivyo kosa halikupiga kelele. Nililikata jina la mwanzo.

Zoubeir akaipigia hoteli simu, wakazima kifaa. Skrini ikaandika: *17 haipo*. Wakawasha, ikaandika *ipo*. Koulsoum alitazama mara mbili, hakuomba ya tatu.

“Asubuhi ile ya kwanza,” akasema taratibu, “boti za kumtafuta zilikuwa zimewashwa injini. Zoubeir, si ndivyo?”

Zoubeir aliinamisha kichwa. “Skrini ikasema ipo. Tukadhani kajikinga Ambatoloaka. Tukazima.”

Siku ya nne tangu kupotea, wavuvi waliikuta boti imepinduka, haina mtu. Shati la Mouigni lilikuwa limefungwa kwa mafundo mawili kwenye mkuku, uti wa chini wa boti uliokuwa sasa juu, lipate kuonekana. Wote tuliijua habari hiyo.

“Kosa ni langu,” nikasema. “Si la mashine, wala si la Zoubeir. Mumeo amekufa, Koulsoum. Ingia edani.”

Alivua herini moja, kisha ya pili, akaziweka mbele yangu juu ya kibodi.

“Eda nihesabu tangu lini, Mjomba?”

“Tangu siku aliyokufa,” nikajibu, kama nilivyosomeshwa utotoni katika chuo cha Kurani.

“Ndiyo. Siku gani? Ya kwanza, au ya pili, au ya tatu?”

Swali hilo nilirudi nalo Mahajanga. Programu nimeirekebisha, sasa husoma baiti mojamoja, tangu ya kwanza, polepole. Kadhi alimpangia tarehe, naye Koulsoum akaifuata. Mimi bado nahesabu zile siku tatu, na kila nikifika kwenye shati lile naanza upya.