Jogoo Ndani ya Ndoo

Katika karakana ya Madam Edah, juu ya duka la viatu mjini Kakamega, simu zote ziliwekwa kwenye ndoo asubuhi na kutolewa jioni. Ukiinuka bila ruhusa, hata kwenda msalani, unakuta cherehani yako imeshapata mtu mwingine. Wanawake wenye shida ya kazi walishinda wamekaa kwenye ngazi wakingoja. Na Januari, msimu wa sare za shule, hiyo ruhusa yenyewe hakuna aliyethubutu kuiomba.

Navalayo, mmoja wa mafundi, alikuwa amemwekea mama yake mlio wa jogoo kwenye simu ili asimkose akipiga. Mama mwenyewe alicheka sana alipousikia. Sasa mama alikuwa amelazwa hospitali ya Iguhu, na Navalayo akiwa katikati ya kushona kola, jogoo akawika ndani ya ndoo. Wenzake wakacheka. Yeye akamtazama Edah.

"Nilisemanga nini juu ya simu?" Edah akauliza, bila hata ukali.

Navalayo akainamisha kichwa, mguu ukaendelea kukanyaga. Jogoo akanyamaza, akawika tena, akanyamaza kabisa. Laiti angeinuka! Ndoo ilikuwa pale pale, na kazi ni kazi tu, zipo nyingine. Lakini alijidanganya kwamba jioni si mbali.

Jioni alipopiga, alipokea kaka yake, Shikanga, ambaye ndiye aliyemshikia mama simu sikioni wakati ule jogoo akiwika.

"Mama ametuacha. Alitaka kusikia sauti yako tu. Mbona hukushika?"

"Ilikuwa imeisha chaji," Navalayo akajibu. Uongo huo aliubeba hadi siku ya mazishi.

Madam Edah alifika nyumbani kwao Malinya na gunia la sukari, akapewa maikrofoni aseme kwa niaba ya kazini. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Huyu msichana wenu ni mfano," alisema. "Siku ile mama anatuaga, simu ililia, ikalia, sisi sote tukiisikia. Hakuinuka! Alimaliza kola zote. Ningepata wengine kama yeye!"

Makofi yalianza, yakafa. Shikanga akageuka, akamtazama dada yake. Navalayo alitamani atukanwe, hata apigwe, mbele ya watu wote. Shikanga aliinua kiti chake cha plastiki, akaenda kukaa upande wa pili wa jeneza.